Binti uliyemwajiri "kumsaidia" naye ni mfanyakazi

Kampeni za kuajiri mabinti wenye maisha magumu zikipamba moto, malalamiko nayo huongezeka. Nia njema ya waajiri hatuitilii shaka. Mwenye saluni, mgahawa au vyerehani barazani anamchukua binti aliyeacha shule kwa ujauzito, au aliyejifunza ushonaji katika Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Mwezi wa pili binti anaunguza gauni la mteja kwa pasi, na mshahara wote unazuiwa.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inaruhusu kukata mshahara kufidia hasara, ila kwa utaratibu: hasara itokee kazini kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara. Tunakazia hapa kwa sababu mshahara usioyumba ndio unaomfanya alipe kodi ya chumba mwenyewe, anunue dawa ya mtoto bila kuomba vocha ya huruma kwa mtu, na akiamua, aondoke kwa mwanaume anayempiga.

Ujauzito si kosa la kinidhamu. Tumelisema hili mpaka tumechoka. Kumbagua mfanyakazi kwa sababu hiyo ni kosa la jinai, faini yake inafika shilingi milioni 5. Likizo ya uzazi ni siku 84 zenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Akirudi, anastahili muda wa kunyonyesha usiozidi saa 2 kwa siku ndani ya saa za kazi. Wenye migahawa hulalamika kwamba haiwezekani. Inawezekana: kuanzia saa 4 asubuhi wateja wa chai wameshaondoka na wa wali hawajafika.

"Namsaidia tu, analala kwangu, anakula kwangu." Sawa, lakini chakula na malazi havimwondoi kwenye sheria. Mpe maelezo ya kazi kwa maandishi: cheo, saa za kazi, mshahara. Kama kusoma kunampa shida, asomewe na kufafanuliwa mpaka aelewe. Mgogoro ukitokea na karatasi haipo, mzigo wa kuthibitisha makubaliano unakuangukia wewe mwajiri.

Kwa mabinti: makato ya mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, si wizi. Ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hulipa angalau nusu yake. Hakikisha unapelekwa.

Ukiachishwa kazi na huridhiki, una siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Kwa migogoro mingine, kama mshahara usiolipwa, ni siku 60. Jaza Fomu Na. 1, mpelekee mwajiri nakala kwanza, kisha iwasilishe Tume pamoja na uthibitisho kwamba ameipokea, kwa mfano sahihi yake. Wengi hurudishwa kwa kuruka hatua hiyo ya katikati. Ukichelewa, utalazimika kuomba kwanza kuongezewa muda, ukieleza sababu, na "sikujua" kwa kawaida haitoshi. Hakuna ada. Na ule ujumbe wa simu wa "kesho usije", usiufute, nenda nao Tume.