Mahameli ya Kasai: dhana potofu na ukweli

Dhana: Mchoro umepinda kwa sababu mdarizi alikosea hesabu.

Hili ndilo linalowapotosha wengi. Mahameli ya Kasai ni vitambaa vya kudariziwa vya Wakuba, watu wa kati ya mito Kasai na Sankuru katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Chukua kimoja cha kale. Pembeni mistari inakatana vizuri, inafanya vyumba vya pembe nne vinavyolingana. Ukifika katikati, vyumba vinanenepa, vinalala upande, au vinakatika na mchoro mwingine unaanza. Mwanamke anayedarizi hachori kwanza. Mchoro uko kichwani mwake. Na kurudia umbo lile lile anakujua vilivyo. Mwaka 1971 mwanahisabati Donald Crowe alionyesha kuwa sanaa ya Wakuba ina njia zote 7 za kurudia umbo kwenye utepe, na 12 kati ya 17 zinazowezekana kwenye uso mpana. Wenye ujuzi wa kiasi hicho wakiuvunja mpangilio, wameamua. Mimi hapo panapovunjika ndipo ninapoanzia kutazama, kisha narudi nyuma kutafuta ni mstari upi ulioanza kugeuka.

Dhana: Ni mahameli kama ile ya dukani.

Wazungu ndio walioiita mahameli, kwa kuona manyoya yake. Kitambaa cha chini hufumwa na wanaume kwa nyuzi za majani ya mwale, mti wa jamii ya mitende. Nyuzi hizo hazisokotwi, kwa hiyo jani linapoishia na kitambaa kinaishia. Vipande vingi havifiki meta moja. Wanawake hupitisha uzi kwa sindano chini ya nyuzi za mfumo, kisha huukata kwa kisu kidogo. Hakuna fundo hata moja! Uzi unashikwa na kubana kwa mfumo peke yake.

Dhana: Viraka ni dalili ya uchakavu.

Kitambaa cha mwale ni kigumu, hutwangwa kinuni ili kilainike, na kutwanga hutoboa. Watafiti wengi wanaona viraka vilianzia hapo. Baadaye vilishonewa hata pasipo na tundu, hasa kwenye zile sketi ndefu za wanawake zenye meta kadhaa.

Dhana: Ni zulia.

Hapana. Ilikuwa mali ya kutunzwa, ya kuonyeshwa msibani na kuzikwa pamoja na mwenyewe.

Dhana: Wakuba waliiga sanaa mpya ya Ulaya.

Mtafiti Emil Torday alikusanya vitambaa hivi kwa ajili ya British Museum, jumba la makumbusho la London, kabla ya 1910, na baadhi yake vilikuwa vya kale tayari. Mchoraji Henri Matisse ndiye aliyevitundika ukutani kwake Ufaransa, akivitazama. Kupokea jambo jipya, Wakuba walipokea pia, ila kwa jicho lao. Inasimuliwa kwamba miaka ya 1920 wamisionari walimwonyesha mfalme wao pikipiki wakitarajia astaajabu. Chombo chenyewe hakikumshughulisha. Kilichomvutia ni alama za matairi mchangani, akaagiza zinakiliwe ziwe mchoro.