Je, wajua? Wazo lisilo na uzito linawezaje kuinua mkono?

Inua mkono wako wa kulia. Umeinuka. Kabla ya hapo kulikuwa na nia tu, na nia haina kilo wala upana, na daktari akipasua fuvu la kichwa hataikuta imelala mahali. Mkono wenyewe ni mfupa, nyama na damu. Ni mzigo. Sasa kisicho na uzito kimeushika wapi mzigo huu kikauinua?

Aliyeliuliza swali hili vizuri kuliko wote, kwa maoni yangu, ni msichana wa miaka 24 aliyekuwa akiishi uhamishoni. Elisabeth wa Bohemia alizaliwa mwaka 1618. Baba yake, Frederick V, alipata ufalme wa Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya nchi ya Cheki, akaupoteza vitani mwaka 1620 baada ya kuukalia mwaka mmoja hivi. Familia ikakimbilia Uholanzi. Huko The Hague Elisabeth alisoma hisabati na lugha za kale, na akakisoma kwa makini kitabu cha mwanafalsafa Mfaransa René Descartes kilichotoka mwaka 1641.

Descartes alikuwa ameigawa dunia mafungu mawili. Kuna vitu vinavyochukua nafasi: jiwe, mti, mwili. Halafu kuna kitu kinachofikiri, yaani nafsi, ambacho hakichukui nafasi yoyote. Hata hivyo hakudhani kwamba viwili hivyo ni majirani tu. Aliandika kuwa yeye hayumo mwilini mwake kama nahodha alivyo chomboni. Nahodha huona ubao umepasuka, akaita mafundi wakalafati, lakini yeye mwenyewe haumwi. Mimi nikijikata kidole sina haja ya kukagua uharibifu. Naumia.

Mei 1643 Elisabeth akamwandikia barua. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni hii: kitu husogezwa kwa kusukumwa, kusukuma kunahitaji kugusa, na kinachogusa lazima kiwe na umbo na uso wa kugusia. Wewe umeiondolea nafsi vyote hivyo. Basi inausukuma mwili kwa kitu gani?

Descartes alijibu upesi, na jibu lenyewe ni dhaifu. Alitoa mfano wa uzito: watu hudhani uzito uliomo ndani ya jiwe hulivuta chini bila uso wowote kulisukuma, na hawaoni ajabu. Basi waifikirie nafsi vivyo hivyo. Elisabeth hakumkubalia. Descartes mwenyewe alishafundisha kwamba dhana hiyo ya uzito ni kosa, na kosa haliwezi kutumika kueleza ukweli. Mwezi Juni akamwambia waziwazi kwamba kwake ni rahisi zaidi kukubali kuwa nafsi ina maada kuliko kukubali kuwa kisicho na maada kinaweza kuusogeza mwili. Kauli hiyo moja ilikaa ndani ya barua ya faragha, na mwandishi wake alikuwa mwanamke ambaye zama zake hazikumpa nafasi ya kusomea shahada. Leo wanafalsafa wengi wanapita njia aliyoionyesha.

Jibu la pili la Descartes lina unyenyekevu zaidi. Alisema muungano wa nafsi na mwili haueleweki kwa kutafakari sana, bali huonekana katika maisha ya kawaida na mazungumzo ya watu. Hapa namsikiliza, kwa sababu ukisikiliza Kiswahili kinavyozungumzwa utaona anachokisema. Moyo ni ule unaodunda kifuani, na ndio huo huo unaosema nao usiku ukiwa peke yako. Mwenye wasiwasi ana tumbo joto. Maneno ya kuumiza hukata maini. Hatukuuchora ule mstari wa Descartes. Lakini Elisabeth angeweza kutujibu, tena kwa haki, kwamba kulizoea jambo bado si kulieleza.

Naye alilijua jambo hili kwa mwili wake. Mwaka 1645 alishikwa na homa iliyokawia kuisha, pamoja na kikohozi kikavu, na Descartes akamwandikia kwamba chanzo cha kawaida cha homa ya namna ile ni huzuni. Familia yake ilikuwa nazo huzuni za kutosha. Elisabeth alikiri kuwa mwili wake hudhurika kwa masumbuko ya nafsi. Baadaye mwaka huo akamkumbusha upande wa pili: yapo magonjwa yanayomwondolea mtu uwezo wote wa kufikiri. Kama nafsi inaweza kusimama peke yake, ugonjwa wa mwili unaizimaje?

(Ibn Sina, mwanafalsafa na tabibu aliyefariki mwaka 1037, alishaugusa upande wa kwanza, ule wa nafsi kuutikisa mwili. Mtu hutembea bila shida juu ya gogo lililolazwa chini, lakini gogo hilo hilo likiwekwa juu ya korongo, miguu humtetemeka kwa sababu picha ya kuanguka imeshamwingia akilini.)

Kisha akaja Mwafrika. Anton Wilhelm Amo alizaliwa mnamo 1703 karibu na Axim, katika Ghana ya leo. Akiwa mtoto mdogo alipelekwa Amsterdam, kisha akatolewa zawadi kwa mtawala wa Wolfenbüttel huko Ujerumani. Zawadi, mtoto wa watu! Alisomeshwa, akaingia Chuo Kikuu cha Halle mwaka 1727, na mwaka 1734 huko Wittenberg akatetea tasnifu ya Kilatini iliyodai kwamba akili ya binadamu haihisi. Ndani yake aliichukua barua ile ile ambayo Descartes alimjibu Elisabeth, pale anaposema nafsi hutenda na kutendwa pamoja na mwili, akasema hapo hakubaliani naye.

Kwa Amo, kuhisi ni kupokea, na kupokea ni kuguswa. Akili hujua, hukusudia na kuamua, lakini haina sehemu, kwa hiyo hakuna mahali pa kuigusa. Ukichomwa na mwiba, kinachohisi ni mwili ulio hai. Naona hapa Amo amemshinda Descartes, maana huwezi kusema nafsi haigusiki na hapo hapo ukasema inaumwa.

Lakini kuna kisa kinachonisumbua kila nikimfikiria Amo. Kimo katika kitabu cha Descartes cha mwaka 1644, kitabu alichomtunukia Elisabeth. Msichana mmoja alikuwa na kidonda kibaya mkononi, na kila daktari alipokuja, msichana alifungwa macho asivione vifaa vyake. Mkono ukaoza, ukakatwa kwenye kiwiko, na pakafungwa vitambaa ili asijue. Akaendelea kulalamika kwamba vidole vinamuuma, mara hiki, mara kile. Descartes alieleza kwamba neva, yaani mishipa ya fahamu, zilizokuwa zikifika vidoleni sasa ziliishia kiwikoni, na zilipotikiswa zilipeleka ubongoni habari ile ile ya zamani. Hata leo watu wengi waliokatwa kiungo huumwa na kiungo kisichokuwepo.

Kuinua mkono kumeshafuatiliwa hatua kwa hatua: ishara hutoka ubongoni, hushuka uti wa mgongo, hufika kwenye misuli ya bega, nayo hujikunja. Njia nzima ni ya maada, kama Elisabeth alivyoona kuwa ni rahisi kukubali. Lakini njia hiyo haijanieleza habari za msichana yule. Neva ilitikisika, ubongo ukapokea. Kwa nini mtikisiko huo uwe maumivu, tena ndani ya kidole ambacho hakipo?