Pengo Haliumi, Lakini Mfupa Unaisha: Maswali Kuhusu Kupandikiza Mfupa na Jino

Kipandikizi cha jino ni kitu gani?
Ni skrubu ndogo, mara nyingi ya titani, inayokazwa ndani ya mfupa wa taya badala ya mzizi. Mfupa ukishaishika, juu yake hufungwa jino bandia lisilovuliwa usiku. Sweden walianza kuwawekea wagonjwa tangu 1965, kwa hiyo si majaribio.

Na mfupa unapandikizwa wa nini?
Skrubu haisimami kwenye nyama ya fizi. Jino liking'olewa, mfupa uliolishika hukosa kazi na kuanza kusinyaa. Ndani ya mwaka mmoja upana wake unaweza kupungua karibu nusu, na sehemu kubwa huondoka miezi 3 ya mwanzo. Tunajazia kilichopotea.

Niling'oa gego miaka minane iliyopita na sisikii maumivu. Haraka ya nini?
Hapa ndipo wengi wanapoumia. Pengo haliumi! Mfupa unaliwa kimyakimya. Mgonjwa anafungua kinywa, napitisha kidole kwenye fizi nakuta ukingo umebaki mwembamba, gego la juu limeshuka kufuata pengo, la nyuma yake limelala upande. Kazi ambayo ingekuwa ndogo sasa ni upasuaji mara mbili, na bei yake unaijua.

Basi nisubiri nipate pesa kwanza?
Pesa isubiri, ushauri usisubiri. Narudia: pengo haliumi, usilitumie kama kipimo. Mueleze daktari *kabla* ya kung'oa kwamba unafikiria kipandikizi; shimo linaweza kujazwa mfupa siku hiyohiyo, na kusinyaa kukapungua. Na tafadhali, acheni kuingia mnasema "ng'oa tu." Meno mengi yanayong'olewa yangepona kwa kuzibwa mzizi.

Mfupa wenyewe unatoka wapi? Nimesikia ni wa nguruwe.
Unaweza kutoka kwenye taya lako mwenyewe, kwa mtu aliyechangia, kwa ng'ombe, au ukatengenezwa kiwandani. Wa nguruwe upo pia, na hata utando unaofunika mfupa mara nyingi ni wa nguruwe. Kama dini yako hairuhusu, uliza vyote viwili kabla ya kusaini fomu. Kuuliza ukiwa umeshashonwa hakusaidii.

Itachukua muda gani?
Upungufu ukiwa mdogo, mfupa na skrubu huwekwa siku moja. Ukiwa mkubwa, mfupa hukomaa kwanza kwa miezi 4 hadi 9, kisha skrubu nayo hungoja miezi 3 hadi 6 kabla ya kufungwa jino.

Nina kisukari, na sigara navuta mbili tatu tu.
Kisukari kilichodhibitiwa hakikuzuii. Njoo na vipimo vyako. Sigara ni habari nyingine. Inabana damu isifike kwenye kidonda, na mfupa usio na damu haushiki. "Mbili tatu" za wagonjwa nazijua, na shisha nayo ni moshi. Kama huwezi kuacha, usilipe kwanza.

Baada ya upasuaji nirudi lini?
Uvimbe wa siku 2 au 3 ni wa kawaida. Ukizidi baada ya hapo, ukiona usaha, chembe za mfupa zikitoka au skrubu ikicheza, njoo siku hiyo hiyo, hata kama kadi imeandikwa wiki ijayo.