Ini la mtoto likiumwa, figo nazo ziangaliwe
Watu wengi bado wanaamini ugonjwa wa ini unabaki kwenye ini tu, eti mtoto akikojoa vizuri basi figo ziko poa. Sio hivyo jamani. Ini likishajaa makovu damu inapita kwa shida, presha inapanda kwenye mshipa unaotoa damu kwenye utumbo kuipeleka kwenye ini, mishipa ya tumboni inatanuka, damu nyingi inabaki huko, sasa figo zinahisi kama damu mwilini imepungua, mishipa yake inabana na zinaanza kushikilia chumvi na maji, ndo unaona tumbo linajaa na mkojo unapungua.

Kinachoniumiza zaidi ni kipimo cha kreatinini, taka ya kwenye damu inayopanda figo zikichoka. Hii inatoka kwenye misuli, na malighafi yake inatengenezwa kwenye ini, kwa hiyo mtoto aliyekonda, mikono kama vijiti, majibu yanaweza kusoma kawaida kabisa wakati figo zimeshachoka. Kuna kipimo kingine cha damu cha kuangalia figo, sistatini C, hicho hakitegemei sana misuli, mzazi uliza. Na akipata homa msimpe dawa za maumivu kama ibuprofeni wala diklofenaki kienyeji, zinapunguza damu inayofika kwenye figo hizohizo. Akiharisha au kutapika, muwahisheni hospitali siku hiyohiyo.