Fedha nyingi za gofu hazikuanza na Wasaudi

Tangu LIV, ligi ya gofu iliyoanzishwa kwa fedha za Saudi Arabia, ianze mwaka 2022, husemwa kwamba kabla yake hakuna tajiri aliyewahi kumwaga fedha nje ya mashindano makubwa. Si kweli. Kuanzia 1946 hadi 1957, mfanyabiashara George S. May aliandaa “Ubingwa wa Dunia” katika klabu ya Tam O'Shanter, jirani na Chicago. Mwaka 1953 Lew Worsham alitumbukiza mpira shimoni kutoka mita 90 na zaidi, akashinda kwa pigo moja huku Marekani nzima ikitazama kwenye televisheni. Mwaka uliofuata Bob Toski alishinda hapo, akapata dola 50,000. Bingwa wa US Open, mojawapo ya mashindano makubwa ya gofu, alipata 6,000! Mashindano yaliuawa na ugomvi wa May na PGA, chama cha wachezaji gofu wa kulipwa wa Marekani, wala si ukata.