Je, wajua? Mchoraji aliionaje Chicago kutoka angani kabla ndege hazijavumbuliwa

Ipo picha moja inayopendwa sana na watu wanaopamba kuta zao kwa michoro ya zamani. Inaonyesha uwanja wa Maonyesho ya Dunia ya Chicago ya 1893: majumba makubwa kando ya Ziwa Michigan, mifereji katikati, watu wadogo kama siafu. Mtazamaji anayaona yote kwa juu, kama mwewe. Ilichapwa na Currier & Ives, kampuni ya wachapaji picha wa New York, mwaka 1892, na ndege ya kwanza yenye injini iliruka 1903. Sasa huyu mchoraji alikuwa amesimama wapi?

Alikuwa amekaa mezani. Kazi ya namna hii ilianza na ramani ya uwanja, ikahamishiwa kwenye karatasi yenye miraba inayosinyaa kadiri inavyokwenda mbali, kama reli mbili zinavyoonekana kukaribiana huko mbele. Kisha kila jengo likasimamishwa kwenye mraba wake. Miji mingi ya Marekani ilichorwa hivyo: mchoraji alizunguka mtaa kwa mtaa akinakili sura za nyumba, halafu akaziunganisha kana kwamba amepaa. Kwa Chicago hata kuzunguka kusingemfaa sana, kwa sababu mwaka 1892 uwanja wa Jackson Park bado ulikuwa mikononi mwa mafundi. Cha kutegemea kilikuwa michoro ya wasanifu majengo.

Na haraka ilikuwa ya nini? Biashara. Picha ilitakiwa iwe dukani kabla ya milango kufunguliwa tarehe 1 Mei 1893. Isitoshe, mtu aliyesimama chini asingeona kitu. Jumba la bidhaa za viwandani peke yake lilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 500. Ukilikaribia, unaona ukuta tu. Aliyetaka kuelewa uwanja mzima ulivyokaa alihitaji jicho la mwewe.

Haraka hiyo inakupa mchezo mzuri ukiwa na picha hizi nyumbani. Tafuta lile gurudumu kubwa la George Ferris, lenye kimo cha mita 80 na vyumba 36 vya abiria. Lilianza kuzunguka tarehe 21 Juni 1893, maonyesho yakiwa yameshafunguliwa wiki saba. Picha yenye gurudumu hilo haiwezi kuwa miongoni mwa zile za mwanzo.

Sasa, rangi. Nyingi za picha hizi za rangi zilichapwa kwa mawe. Mchoro ulitiwa kwenye jiwe la chokaa kwa wino wenye mafuta, jiwe likaloweshwa maji. Wino wa kuchapia ukashika penye mafuta na kukataa penye maji. Kila rangi ilikuwa na jiwe lake, na picha moja ingeweza kupita kwenye mawe kumi au zaidi. Ndiyo maana muuzaji akikuambia "hii ni ya zamani halisi", chukua kioo cha kukuzia. Nakala ya kisasa ina vitone vidogo vilivyojipanga sawasawa, mara nyingi kama maua madogo. Ya jiwe ina madoa yasiyolingana, ya mkono wa mtu. Nakala si dhambi, lakini usiilipie bei ya jiwe.

Mimi nisingeiweka juu ya kochi, mahali ambapo wengi hupeleka picha kubwa. Picha iliyojaa vitu vidogo inataka kusomwa: iweke kwenye korido, usawa wa macho, mtu aweze kuisogelea. Jua la dirishani litaila rangi. Kwa wanaoishi pwani, mwambie fundi fremu aache nafasi kati ya kioo na karatasi, la sivyo unyevu utaigandisha na kuiotesha ukungu.

Angalia pia umetundika nini. Maonyesho hayo yalikuwa na "kijiji" cha watu wa Dahomey (leo Benin), walioletwa watazamwe, na Frederick Douglass na Ida B. Wells, wapigania haki za Wamarekani weusi, waligawa kijitabu palepale Chicago kulalamikia namna Wamarekani weusi walivyotengwa. Miaka minne baadaye, huko Tervuren, Ubelgiji, Wakongo 267 waliwekwa maonyeshoni. Saba walifia huko. Picha yenye vijiji vya aina hiyo ningeiweka kwenye kabati la vitabu, si sebuleni.

Majumba yenyewe yalikuwa ya muda, fremu za chuma na mbao zilizovikwa plasta iliyochanganywa na nyuzi za jute. Julai 1894 moto uliteketeza mengi yaliyokuwa yamebaki. Jumba la sanaa liliponea, maana lilijengwa kwa matofali ili kulinda michoro iliyokuwa ndani, na leo ni jumba la makumbusho ya sayansi. Kwenye picha yako litafute upande wa kaskazini wa uwanja, kando ya bwawa.