Dagaa na mawese ya Kigoma: yanayoaminika sokoni na yaliyopo mwaloni

Mama anayeanika dagaa juu ya chanja pale Kibirizi, mwalo wa kushushia samaki mjini Kigoma, na mwenzake anayewaanika mchangani hupakia mzigo kwenye gari moja, na mara nyingi kwa bei ile ile. Anayeipanga bei hiyo ni mnunuzi wa Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro ambaye mwalo hajawahi kuuona, ila kichwani ana mengi aliyoyasikia kuhusu chakula cha Kigoma. Baadhi si kweli, na hasara yake inamwangukia yule anayejitahidi kufanya biashara bila kulichakaza Ziwa Tanganyika wala kuwapunja wenzake.

"Dagaa ni watoto wa samaki, ukiwala unamaliza ziwa"

Hili husemwa hata na watu wanaolipenda ziwa kwa dhati. Dagaa wa Kigoma ni samaki wazima, basi tu wameumbwa wadogo. Wako wa aina mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wote ni wa ukoo mmoja na sardini wa baharini. Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao watu huwachanganya nao, ni wa ukoo mwingine kabisa. Hawa wa Kigoma hukua haraka, huzaa haraka na hawaishi muda mrefu. Ni chakula kinachoweza kuvunwa na kurudi, mradi kiachiwe nafasi ya kurudi.

Cha kuuliza ni wamevuliwa kwa zana gani na wapi. Wachanga wa Limnothrissa hukulia kwenye maji ya kando, na kando ndiko kokoro, ule wavu wa kuvutwa hadi ufukweni, linakoburutwa. Kokoro limepigwa marufuku, lakini mzigo wake ukishakauka na kuingia guniani hauna alama usoni. Ukikuta gunia limejaa vidagaa visivyofika urefu wa kidole kidogo, muulize muuzaji. Mvuvi wa halali hutoka jioni kwenye giza, huwasha taa katikati ya maji ili dagaa waifuate, na kwenye mbalamwezi hupumzika kwa sababu taa yake haina nguvu mbele ya mwezi.

"Ziwa lile ni refu kwenda chini, dagaa hawawezi kwisha"

Urefu huo ni kweli. Kina kinafika takriban mita 1,470, na duniani ni Ziwa Baikal peke yake linalolizidi. Lakini samaki hawaishi kwenye kina chote hicho. Oksijeni inaishia kwenye tabaka la juu, kama mita 100 upande wa kaskazini na zaidi ya hapo kusini. Chini yake samaki hakai. Kwa hiyo dagaa wote wanaogombaniwa na nchi nne, yaani Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, wamo kwenye tabaka jembamba la juu.

Tena hata hilo tabaka linategemea la chini. Virutubisho vimelala kilindini, na upepo wa kusini unaovuma katikati ya mwaka ndio unaosaidia kuvipandisha. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba ziwa limepata joto, na maji ya juu yakipata joto hayachanganyiki kirahisi na ya chini. Chakula cha dagaa kinapungua kabla hata wavu haujatupwa. Anayesema tatizo lote ni wavuvi hajasema yote. Ila huwezi kuuamuru upepo, na wavu unaweza kuuzuia.

Ndiyo sababu Tanzania ilisitisha uvuvi kwenye ziwa hili kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024. Kwa anayeishi kwa kuanika, miezi 3 bila mtumbwi kurudi na kitu ni mingi, na sioni haki ya kumkejeli anayelalamika. Lakini katika miezi hiyo mwenye cha kuuza ni yule aliyeweka akiba ya dagaa waliokauka sawasawa. Waliowekwa na unyevu, ukungu umeshawamaliza.

"Mchanga kidogo ndiyo dalili ya dagaa halisi wa Kigoma"

Kati ya imani zote, hii ndiyo inayoniudhi zaidi, maana imegeuza kasoro kuwa sifa. Mchanga unathibitisha kitu kimoja tu: dagaa walianikwa chini. Pamoja na mchanga huo umenunua na chochote kilichopita juu yake, kuku, mbuzi na viatu vya watu. Na kama umepimiwa kwa kilo, mchanga umeulipia.

Mzigo wa usiku hufika asubuhi, na lazima uanikwe siku hiyo hiyo. Chini, dagaa wanapata jua upande mmoja na unyevu wa ardhi upande wa pili, hivyo inabidi wageuzwegeuzwe. Mvua ikinyesha ghafla, na Kigoma masika yake hayana utani, hakuna wa kuwakusanya wote kwa wakati. Kinachobaki huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Huo ndio upotevu ambao watu hawauhesabu wanapozungumzia kulinda ziwa: samaki ameshatolewa majini, mafuta ya injini yameshachomwa, kisha haliwi na mtu.

Chanja ni kitu rahisi. Nguzo, fremu, na wavu au waya juu yake, kwa kimo cha kiuno. Hewa inapita chini na juu, dagaa hukauka upesi zaidi, mvua ikija turubai linavutwa, na mwanikaji hafanyi kazi kutwa mgongo umepinda. Ng'ambo ya mpaka, Burundi, FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilianza kuonyesha vichanja vya namna hii mwaka 2004 na waanikaji wakavipokea.

Sasa mbona si wote wanavyo? Mbao na waya ni hela, ufukwe una wenyewe, na nguzo za miti ya porini huliwa na mchwa kisha hukatwa nyingine, jambo ambalo nalo linaugusa msitu wa mlimani. Zaidi ya yote, mnunuzi anayepima kwa sado hamwongezi mwenye chanja hata shilingi. Mtu atajenga chanja ya nini?

"Mawese yanaangamiza misitu"

Picha hii imetoka Indonesia na Malaysia, kwenye mashamba makubwa yaliyofungua misitu ya asili. Mchikichi wa Kigoma kwa sehemu kubwa ni wa mkulima mdogo, na katikati ya michikichi michanga utakuta muhogo, mahindi au maharage. Mti wenyewe asili yake ni Afrika.

Lakini mkamuaji wa Kigoma naye asijifiche nyuma ya udogo wake. Chikichi huchemshwa kabla ya kukamuliwa, na panapotumika kuni za porini kila siku, udogo wa kiwanda hauuokoi mlima. Wanaofanya vizuri huchoma nyuzi na vifuu vilivyobaki baada ya kukamua. Jingine ni mbegu. Dura, mchikichi wa zamani, una kifuu kinene na nyama kidogo. Tenera una kifuu chembamba na nyama nyingi, kwa hiyo shamba lile lile linatoa mafuta zaidi bila kusogea porini. Tangu Kassim Majaliwa, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, alivyolivalia njuga zao hili mwaka 2018, kituo cha Kihinga cha TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo, kinazalisha mbegu hizo za tenera. Ndani ya kokwa kuna mise, nayo hutoa mafuta yake yanayofaa sabuni.

"Yakiganda yamechakachuliwa, wekundu ule ni rangi"

Yote mawili si kweli. Karibu nusu ya mawese ni mafuta ya aina inayoganda, kwa hiyo asubuhi ya baridi yataganda tu. Wekundu ni karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wanaoyachoma jikoni mpaka yawe meupe wanaitupa hiyo.

"Kununua kwa kikundi cha akina mama ni kutoa sadaka"

Anayenunua kwa huruma hununua mara moja. Kikundi kinataka mteja anayerudi, anayegombeza mzigo ukija vibaya na kulipa kwa wakati ukija vizuri. Hata mtaji wake si wa kuombaomba. Kwa sheria, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurudishwa mwaka 2024, na ni mkopo, unarejeshwa. Usimamizi wa usalama wa chakula nao ulihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na alama yake haiombwi na viwanda vikubwa peke yake.

Ukitaka kujua kikundi kinawafaidi kina nani, waulize wanalipaje waanikaji: kwa siku, kwa gunia, au kwa mgao baada ya mauzo. Waulize pia nani alipata hasara mvua ilipoharibu mzigo wa mwisho, kikundi kizima au aliyekuwa zamu siku hiyo.